Nani aliyezifunga baraza za Ngamiani?

#1 Mgosi_B14
Wakuu, salaam. Nimerudi Tanga baada ya miaka kumi na moja ya kuhangaika Mwanza, na kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki ya kwanza.

Nimekulia Barabara ya 14, Ngamiani. Enzi zetu, ukitoka msikitini baada ya Isha, mwendo wa dakika tano kufika nyumbani ulikula saa nzima. Kila baraza ina watu, na ukipita bila kusalimia, kesho mama ameshaletewa habari kwamba mwanawe ana kiburi. Juzi nimepita njia ileile saa mbili usiku. Lami safi, taa zinawaka mpaka unaona sisimizi, mtu hakuna. Baraza zipo, ila zimezungushiwa grili za nondo mpaka kwenye kenchi, ndani imelala pikipiki na ndoo za rangi. Nyingine zimejengewa fremu ya duka ambalo halijawahi kufunguliwa. Na nyumba zilizovunjwa zikajengwa upya ndiyo basi tena: ukuta, geti jeusi, mbwa.

Ukivuka reli kwenda mjini, kule kwenye nyumba za Wahindi, ni msiba mwingine. Zile nyumba za duka chini na familia juu, zenye nguzo na kibaraza ambacho ulitembea mtaa mzima wakati wa masika bila kulowa: chini shata zimeshika kutu, juu madirisha yamepigwa mabati.

Dai langu ni hili. Mji huu haukuuliwa na umaskini, tulikuwa maskini zaidi zamani. Umekufa kwa sababu tumeuziba uso. Kila anayesema "tuufufue mji" anamaanisha ghorofa na vioo. Mimi nasema rudisheni baraza, watu watarudi wenyewe. Nipingeni.

#2 KahawaChungu
Ngoja nivute kiti nisikilize. Ah, samahani, baraza ya kukiweka hakuna.

#3 Chumbageni_Asilia
Mleta mada umeandika vizuri ila umekamata mkia ukadhani ni tembo. Baraza zilijaa kwa sababu watu walikuwa na kazi na mshahara. Mkonge ndio uliokuwa unalipa ile kahawa. Miaka ya 60 mwanzoni nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, nyingi zikipitia bandari hii. Halafu ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967, viwanda vikafuata kimoja kimoja. Mtu asiye na kazi hakai barazani, anakaa ndani amejificha wanaomdai. Mkonge wenyewe tulioletewa na Mjerumani kutoka Brazil umerudi kushinda huko Brazil.

#4 Mchora_Ramani
#3 nakuunga mkono kwa uchumi, ila mkonge haukutoka Brazil. Daktari Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, ukapitia Hamburg, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilifika hai 62 tu. Asili yake ni Mexico. Brazil ilikuja kutupita baadaye sana.

Kuhusu mada: mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapahapa jijini, kwa hiyo lawama nyingine ni zangu. Mteja akija, jambo la kwanza analosema ni "nataka nyumba irudi nyuma, mbele niweke uzio na gari lilale ndani". Kiwanja cha Ngamiani ni kidogo. Ukirudisha nyumba nyuma, umekula uani. Ukiweka uzio, umekula baraza. Kinachobaki ni sanduku lenye geti. Nimeshajaribu kumchorea mteja mmoja baraza pana ya kisasa, yenye kivuli na ukingo wa kukalia. Akaitazama akaniuliza: "Sasa hii ni ya nani, yangu au ya wapita njia?" Nikamjibu ni ya wote wawili. Alitafuta mchoraji mwingine.

#5 Kimanumanu_Damu
Barabara ya 12 baraza zipo na watu wapo. Zimekufa huko kwenu 14. Na Barabara ya 11 imekufa siku nyingi, hao ni kawaida yao.

#6 MwanaCoastal88
Kijana, jina langu hapo juu lina mwaka wa ubingwa wa Coastal Union. Lako lina nini?

#7 BintiPongwe
Hata kurasa mbili hazijafika mshaanza mpira, Coastal ya Barabara ya 11 na African Sports ya 12.

Mleta mada, swali dogo. Hizo baraza zilizokuwa zimejaa, zilijaa nani? Maana mimi nilikulia Makorora na sikumbuki hata siku moja kukaa barazani jioni baada ya kuvunja ungo. Ilikuwa "binti ingia ndani, wanaume wanapita". Mji unaoulilia ulikuwa hai kwa nusu ya watu. Sisi tuliujua mji kwa mlango wa nyuma.

#8 Mgosi_B14
#7 dada umenipiga ngumi ya ubavu. Sina jibu la haraka.

#9 Bibi_wa_Makorora
Hamjambo wanangu. Binti wa Pongwe kasema kweli lakini nusu. Sisi wanawake tulikuwa na mji wetu, na ulikuwa uani. Nyumba ya Kiswahili mnaijua: mlango wa mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukitoka nyuma ndio uani, jiko, choo, kisima kwa wenye bahati. Uani kwangu kulikuwa na kijilango kwenda uani kwa jirani, na kwake kwenda kwa mwenzake. Naweza kutoka kwangu mpaka nyumba ya saba kupeleka bada na kisamvu bila kukanyaga barabara wala kuvaa baibui. Ngoma za kumcheza mwali zilikuwa uani. Kama kuna shughuli, masufuria ya nyumba zote yanakutana uani.

Leo uani umejengwa vyumba vya kupangisha, viwili, vitatu, vinne, mpaka kamba ya kuanikia nguo haina pa kupita. Vijilango vimezibwa kwa tofali. Kwa hiyo mwanangu Mgosi, ukisema mji umezibwa uso, mimi nakwambia ulianza kuzibwa mgongo.

#10 KahawaChungu
Shikamoo bibi. Uzi ungeishia hapo ningeridhika.

#11 Mchora_Ramani
Shikamoo bibi. Naomba nikunukuu "ulianza kuzibwa mgongo", hiyo chuoni hawakutufundisha.

#12 Bibi_wa_Makorora
Marahaba. Nukuu, usinilipe.

#13 Wakili_wa_Kibanda
Wote mnazunguka. Jibu la nyumba za mjini, siyo Ngamiani, lina tarehe: 1971. Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ilichukuliwa ikawa chini ya Msajili wa Majumba. Wahindi wengi wa Tanga waliokuwa wakiishi juu na kuuza chini wakafunga mizigo, wengine Uingereza, wengine Canada. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa.

Sasa fikiria jengo lililojengwa na mtu kwa ajili ya duka lake na watoto wake. Ghafla mwenye nyumba hayupo mtaani, kodi ni ndogo, mpangaji hana sababu ya kupaka chokaa nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba hapati cha kupakia. Miaka hamsini hivyo. Hakuna baraza itakayopona.

#14 Chumbageni_Asilia
#13 hiyo inaeleza mjini, haielezi Ngamiani. Nyumba za Ngamiani za udongo na bati hazikufika laki moja hata zikiunganishwa mtaa mzima.

#15 Wakili_wa_Kibanda
Ngamiani ina ugonjwa wake: mirathi. Babu alijenga 1958, akafa, warithi sita. Watatu wakafa, kila mmoja kaacha wanne. Leo nyumba moja ina wenyewe kumi na watano, mmoja yuko Muscat, mmoja Dar, wawili hawasemeshani. Nani atanunua mfuko wa simenti? Kila mmoja anasubiri mwenziwe achoke iuzwe. Na tangu bomba la mafuta kutoka Hoima lilipopangiwa kuishia Chongoleani, wote wanaota kuwa bei itapanda, kwa hiyo hata kuuza hawauzi.

#16 NipoMuscat
Nimejikuta kwenye bandiko #15 bila kutajwa jina. Yetu warithi tisa. Kila mwaka nikija likizo tunakaa kikao, tunakula biriani, tunaahirisha.

#17 FundiChokaa
Wakubwa nawasalimu. Mimi sina elimu ya sheria, mimi ni fundi, na baba yangu alikuwa fundi wa chokaa. Ninachokiona mimi ni kwamba nyumba za zamani za mawe zinauliwa na watu wanaozipenda.

Zile kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, si simenti. Ukuta ule unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unaingia ukutani, jua likitoka unatoka nje kupitia kwenye lipu ya chokaa. Ndiyo maana ndani kuna ubaridi. Sasa anakuja mtu na nia njema, anaona lipu imebanduka, anaita fundi wa kisasa, wanapiga simenti ukuta mzima na juu rangi ya mafuta. Mwaka wa kwanza nyumba inang'aa. Unyevu sasa hauna pa kutokea, unabaki ndani na chumvi yake, unapanda juu zaidi mpaka kwenye boriti. Mwaka wa tatu simenti inavimba inadondoka na vipande vya jiwe. Mwenyewe anasema "nyumba hizi zimezeeka, tuvunje". Haikuzeeka, ilizibwa pumzi.

Boriti nazo ni mikoko. Mnajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale pwani yote, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, ni vyembamba na virefu? Kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko unaofaa hauzidi sana mita tatu. Chumba kilifuata mti. Leo mikoko haikatwi ovyo, na ni sawa isikatwe, kwa hiyo ukitaka kukarabati inabidi utumie mbao nyingine na kuitibu dhidi ya mchwa. Inawezekana. Inataka tu mtu mwenye subira.

#18 Raskazone_Kijana
Fundi heshima yako. Ila tuseme ukweli, chokaa ya kuchoma matumbawe si inaharibu bahari?

#19 FundiChokaa
Kweli kabisa. Mimi siku hizi natumia chokaa ya viwandani ya mifuko, ila naiozesha kwenye pipa la maji wiki kadhaa kabla ya kutumia, naiweka na mchanga uliooshwa. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, utarudi palepale.

#20 MtuWaKange
Hamjataja kilicho wazi kuliko vyote. STENDI. Mabasi yote yako Kange sasa. Zamani abiria wa Lushoto, wa Pangani, wa Mombasa alishuka mjini, akala mjini, akanunua kanga mjini, akalala gesti ya mjini. Sasa anashuka Kange, anapanda bodaboda anakokwenda, ametuona kwa mbali tu. Kule kwetu mama ntilie wanakesha. Mji haujafa, umehama. Mnalilia kaburi wakati marehemu yuko kwetu anakula chipsi.

#21 Mgosi_B14
#20 nimefika Kange. Kuna uhai, sikatai. Ila ni uhai wa kusubiri kuondoka.

#22 MtuWaKange
Waja leo waondoka leo, mgosi. Msemo ni wa kwenu wenyewe.

#23 KahawaChungu
🤣🤣 Hapo kakupata.

#24 Mzee_wa_Stesheni
Vijana, stendi ni mtoto mdogo. Mji huu ulifungwa na kufunguliwa na reli. Mjerumani alianza kuitandika hapa 1893, ikafika Moshi 1911. Stesheni imekaa katikati ya mji kama kitovu. Huku mjini, bandari, benki na Uzunguni. Huku Ngamiani, watu. Treni ya abiria ilipokuwapo, kivuko kile cha reli kilikuwa soko: machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto, samaki kutoka huku anakwenda kule. Ilipokoma, reli ikabaki kuwa ukuta tu wa kuutenga mji na Ngamiani. Angalieni ramani. Watu wanasema mjini pamekufa usiku. Pamekufa kwa sababu wanaoishi wako ng'ambo ya reli na hawana sababu ya kuvuka baada ya ofisi kufungwa.

Nilifanya kazi hapo, najua ninachosema.

#25 Mchora_Ramani
Mzee, hilo ndilo bandiko lenye mpango miji ndani yake kuliko yote. Mjini kote ni ofisi, benki, maghala na nyumba zilizofungwa. Hakuna anayelala pale. Mahali ambapo hakuna anayelala, saa kumi na mbili jioni panakuwa makaburini. Zile nyumba za duka chini na familia juu zilikuwa dawa ya tatizo hilo kabla halijajulikana kuwa tatizo. Mwenye duka akifunga, anapanda ngazi, anawasha taa, anatazama mtaa kutoka roshani. Ulinzi wa bure.

Na kuhusu vioo alivyotaja mleta mada: Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa asubuhi na jioni. Kibaraza chenye nguzo kinafunika ukuta na mtembeaji kwa pamoja, na upepo wa kaskazi au kusi unapita chini yake. Ukivunja ukaweka kioo kinachotazama magharibi, umejinunulia bili ya kiyoyozi ya maisha.

#26 Kimanumanu_Damu
Nani hapa anakumbuka Majestic? Sinema ikiisha usiku, mtaa wote unatembea kwa miguu kurudi nyumbani unasimulia. Na bendi, Atomic, Jamhuri Jazz, na taarabu za Black Star na Lucky Star. Mtu alikuwa na SABABU ya kutoka. Leo ana simu. Simu ndiyo iliyofunga baraza, wala si grili.

#27 MwanaCoastal88
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu wa Barabara ya 12, na ninajisikia vibaya.

#28 BintiPongwe
#26 simu ziko na Zanzibar pia. Forodhani saa nne usiku hakuna pa kukanyaga.

#29 Yakhe_Unguja
Nimeitwa? Nawaambieni kwa nia njema, msitamani vyetu bila kuvitazama vizuri. Kweli, Mji Mkongwe uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, bustani ya Forodhani ilikarabatiwa ikafunguliwa 2009, na kuna mamlaka yake ya hifadhi tangu miaka ya 80. Lakini nenda ndani ya vichochoro ukahesabu nyumba zenye familia za Kizanzibari zinazopika. Nyingi zimekuwa hoteli na maduka ya vinyago. Bibi yangu kahamia Ng'ambo. Tena Beit al Ajaib, jengo letu la fahari, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa, ilhali kila mtu analijua na liko kwenye kila kadi ya posta. Sifa haishiki ukuta, yakhe.

#30 Raskazone_Kijana
Asante kwa hilo. Swali kwa Wakili: hayo majengo ya Mjerumani na ya Wahindi hapa kwetu si yanalindwa kisheria? Mtu anaweza tu kuamka akavunja?

#31 Wakili_wa_Kibanda
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863. Kwa hiyo magofu ya Tongoni na yale ya kisiwa cha Toten yamo. Mjerumani alikuja baada ya hapo, na nyumba nyingi za Wahindi zilizobaki pia. Jengo la namna hiyo halilindwi mpaka litangazwe rasmi. Lisipotangazwa, mwenye nalo na kibali cha ujenzi mkononi ni mfalme.

#32 Mchora_Ramani
Na kutangazwa nako kuna ubaya wake. Wenye nyumba wakisikia "itatangazwa urithi" wanadhani wanatwaliwa kama 1971, wanawahi kuvunja usiku. Huwezi kumlaumu mtu ambaye familia yake ilishaumwa na nyoka akakimbia ung'ongo.

#33 Mama_Grili
Nimesoma kurasa zote kimya, sasa nimechoka kusemwa. MIMI nimeweka grili. Nyumba yangu Barabara ya 9. Nawaambieni sababu, na hakuna aliyeitaja.

Kwanza niliibiwa majiko mawili ya mkaa barazani na viatu vya watoto, kwa mwezi mmoja. Pili, vijana wa kijiweni walihamia. Si wazee wa kahawa mnaowasimulia, ni watoto wa watu wanavuta vitu vyao, wanatema, na ukiwaambia waondoke wanakuuliza kama baraza umeijenga wewe. Mume wangu hayupo, mimi nina mabinti wawili. Tatu, barabara ilipowekwa lami ilinyanyuliwa. Zamani nilikuwa napanda ngazi tatu kuingia barazani. Sasa barabara na baraza vinatazamana macho kwa macho, na mvua kubwa maji yanaingia mpaka ukumbini. Nimejenga kizingiti cha tofali, na juu ya kizingiti nikaona heri niweke grili nimalize.

Mwenye kuipenda baraza aje aikalie ya kwangu na alipe mlinzi.

#34 Mgosi_B14
Mama samahani. Nilidhani grili ni ushamba wa kuiga. Hilo la lami kunyanyuliwa sikulijua, na leo jioni nimetoka na kamba na fimbo nikapima pale kwetu 14. Kizingiti cha nyumba ya marehemu babu kilikuwa kinanifika gotini nikiwa mtoto wa darasa la saba. Sasa kinanifika kwenye kifundo cha mguu. Nimekuwa mrefu ndiyo, lakini si hivyo.

#35 FundiChokaa
#33 mama yupo sahihi. Kila wanapokarabati barabara wanamwaga juu ya ya zamani badala ya kukwangua. Na mtaro ukiwa juu ya nyumba, ile nyumba imekwisha, hata uipake chokaa ya peponi.

#36 Chumbageni_Asilia
Kwa hiyo tumetoka kwenye mkonge tumefika kwenye mtaro. Huu uzi bwana.

#37 Mzee_wa_Stesheni
Kuna mtu ajibu hili: bandari. Zamani meli zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa na matishari. Sasa wamechimba kina kutoka mita 3 hadi 13 na meli inafunga gatini. Malori yanapita mjini. Hiyo si pesa? Mbona haionekani barazani?

#38 MtuWaKange
Inapita kwenye lori, mzee. Lori halishuki kunywa kahawa.

#39 Raskazone_Kijana
Wazo langu, mnicheke mkitaka. Mji huu ni wa baiskeli, hata wageni wanajua. Ni tambarare, kila mtu ana moja. Kwa nini mtaa mmoja wa mjini, wenye vibaraza vya nguzo, usifungwe kwa magari jioni tu? Copenhagen walifunga mtaa wao wa Strøget kwa magari mwaka 1962, wenye maduka wakapiga kelele kuwa watafilisika, baadaye wakawa wa mwisho kutaka magari yarudi. Sisi hata hatuhitaji kujenga kitu. Kivuli kipo, nguzo zipo. Weka mama wa mkate wa kumimina, weka benchi, weka taa ya njano badala ya hiyo nyeupe ya hospitali.

#40 BintiPongwe
Na choo. Kila mtu anachora bustani na benchi, hakuna anayechora choo. Mwanamke hakai mjini jioni mahali pasipo choo, hilo halihitaji utafiti. Baba zetu walikaa barazani kwa saa tano kwa sababu choo kilikuwa hatua ishirini nyuma yao.

#41 Mchora_Ramani
#40 nimeandika kwenye daftari. Kweli tena.

#42 Wakili_wa_Kibanda
Mtaa wa #39 utafungwa kwa sheria ndogo za jiji, wiki ya pili pikipiki zitaingia, wiki ya tatu atapita mkubwa mmoja na gari lake, wiki ya nne umekwisha. Nakuambieni mapema.

#43 NipoMuscat
Jamani wakati mnabishana, mimi na wenzangu wanane tumeongea kwa simu jana kwa sababu ya uzi huu. Dada yetu mkubwa amekubali, kwa mara ya kwanza, tusiuze. Chumba kimoja cha mbele kipangishwe, kodi isigawanywe, iende kwenye paa. Kaka wa Dar bado amenuna. Sasa nina swali kwa Fundi: ukuta wa mbele ulishapigwa simenti miaka kama minane iliyopita. Nibandue yote au niache?

#44 FundiChokaa
Usibandue kwa pupa. Gonga na kifundo cha kidole. Panapolia "kopo", pameshaachia, pabandue kwa tindo ndogo, usitumie nyundo kubwa. Panapolia kizito, paache, ukilazimisha unatoka na jiwe. Anzia chini, futi tatu za mwanzo kutoka ardhini, ndipo unyevu unapotaka kutokea. Uache ukuta mtupu ukauke kiangazi kizima kabla ya lipu mpya. Watu wanashindwa hapo, hawana subira ya kuona ukuta mtupu. Nyumba ipo barabara ya ngapi?

#45 NipoMuscat
Ya 12.

#46 Kimanumanu_Damu
Karibu nyumbani!

#47 Bibi_wa_Makorora
Mwanangu wa Muscat, na kijilango cha uani kama bado kinaonekana ukutani, kifungue hichohicho. Jirani yenu wa nyuma namjua mama yake.

#48 Mgosi_B14
Fundi ukienda kuangalia hiyo nyumba nijulishe, nataka kuona tindo ikifanya kazi. Jumamosi baada ya Alasiri? Kahawa na kashata juu yangu. Mama_Grili nawe karibu, njoo na mabinti, tutakaa barazani ya NipoMuscat kabla warithi hawajabadilisha mawazo. MwanaCoastal88 nawe.

#49 MwanaCoastal88
Barabara ya 12? Leteni kahawa kona ya 11, nitakunywa nikiwa nimesimama.